Mkonge wa Kibwezi na Mizani ya Miaka Kumi

Thamani ya hisa, yaani sehemu ndogo ya umiliki wa kampuni inayouzwa na kununuliwa sokoni, hutegemea faida ambayo kampuni hiyo inaweza kuileta mwaka baada ya mwaka, lakini faida ya mwaka mmoja ni shahidi dhaifu, kwa kuwa mwaka huo waweza kuwa wa neema isiyo ya kawaida au wa balaa lisilo la kawaida. Kwa sababu hiyo baadhi ya wachambuzi wa masoko ya hisa huilinganisha bei ya hisa na wastani wa faida ya miaka mingi, kwa kawaida kumi, baada ya faida ya kila mwaka kugeuzwa iwe katika shilingi zenye nguvu moja ya kununua. Njia hiyo husikika ngeni inapoelezwa kwa lugha ya mabenki, ilhali hoja iliyo ndani yake imekwisha kufikiriwa, bila hesabu za kuandikwa, na kila mkulima anayetegemea mvua za Ukambani.

Kalamba, katika kaunti ya Makueni iliyomo Ukambani, ndipo serikali ya kaunti ilipojenga kiwanda cha kusindika maembe kilichoanza kazi mwaka 2017, na wakulima wa pande hizo wanajua kwamba mwembe uliozaa hadi matawi yakainama huenda mwaka unaofuata ukapumzika. Wanajua pia kwamba mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo kubwa la eneo hilo, zaweza kukosekana kabisa, na kwamba mwaka ambao kila shamba limezaa ndio mwaka ambao madalali hununua embe kwa bei ya kutupa. Mtu mwenye busara anayetaka kununua shamba la miembe hapo hachukui mavuno ya msimu mmoja akayafanya kipimo cha thamani ya shamba lote, bali huuliza majirani shamba limetoa nini katika misimu mizuri na mibaya, kisha hutafuta kiasi cha kati. Kiwanda chenyewe ni mali ya kaunti na hisa zake hazimo sokoni, lakini kama zingeuzwa, mnunuzi angelazimika kukipima kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa kazi ya kiwanda hupanda na kushuka pamoja na miembe inayokilisha.

Kipimo kinachotumiwa zaidi sokoni ni uwiano wa bei na faida, ambao hupatikana kwa kuigawanya bei ya hisa moja kwa faida ya mwaka mmoja inayoangukia hisa hiyo. Hisa inayouzwa shilingi 40, ikiwa kila hisa imeletewa faida ya shilingi 8, ina uwiano wa 5, maana yake mnunuzi analipa faida ya miaka mitano, na kadiri uwiano unavyokuwa mdogo ndivyo hisa inavyosemekana kuwa rahisi. Kasoro ya kipimo hicho ni kwamba hudanganya hasa pale kinapohitajika zaidi: faida inapofika kileleni uwiano huwa mdogo na hisa huonekana rahisi, na faida inapoporomoka uwiano huwa mkubwa mno, au hukosa maana kabisa kampuni ikipata hasara, hata kama huo ndio wakati bora wa kununua.

Benjamin Graham na David Dodd, waliokuwa wakifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, waliieleza dawa ya kasoro hiyo mwaka 1934, wakati kumbukumbu ya mporomoko wa soko la Marekani wa mwaka 1929 ilikuwa bado mbichi, wakashauri faida ichukuliwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na ikiwezekana saba au kumi. Mwaka 1988 wachumi John Campbell na Robert Shiller waliongeza hatua ya kuondoa athari za mfumuko wa bei, wakaonyesha kwamba wakati bei za hisa zilipokuwa juu sana kuliko wastani wa faida halisi wa miaka mingi, mapato ya wawekezaji katika miaka iliyofuata yalielekea kuwa duni. Kitabu cha Shiller kilichoonya kwamba soko la Marekani limepanda kupita kiasi kilitoka Machi 2000, mwezi uleule ambao hisa za kampuni za teknolojia zilifika kilele na kuanza kuanguka, na mwaka 2013 alikuwa mmoja wa wachumi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Uwiano wa bei na wastani huo wa faida, ambao kwa soko la Marekani kwa muda mrefu ulizunguka kwenye 16 au 17, ulikuwa umepita 40 mwishoni mwa mwaka 1999.

Hatua ya mfumuko wa bei haifai kurukwa nchini Kenya, ambako shilingi imepoteza nguvu kwa kasi kuliko dola. Mfumuko wa bei ni kupanda kwa gharama ya vitu kwa jumla, na hupimwa kwa fahirisi ya bei za walaji inayotolewa kila mwezi na Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya, ambalo kipimo chake cha sasa huanzia Februari 2019 kwa kuhesabu bei za mwezi huo kuwa 100. Katika mwaka 2011 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 14, na kati ya mwaka 2010 na 2019 zilikaribia kuongezeka maradufu, kiasi kwamba faida ya shilingi 1 iliyopatikana mwaka 2010 ilikuwa na nguvu ya karibu shilingi 1.90 za mwaka 2019. Anayejumlisha faida hizo mbili kana kwamba ni sawa anafanya kosa la mtu anayejumlisha debe na kibaba akidhani vyote ni kipimo kimoja. Kuzisawazisha ni kazi nyepesi: faida ya mwaka wa zamani huzidishwa kwa fahirisi ya leo, kisha hugawanywa kwa fahirisi ya mwaka huo wa zamani.

Mfano wa kufaa zaidi katika Makueni ni mkonge. Karibu na Kibwezi, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, lipo shamba la Dwa, ambalo kwa miaka mingi lilimilikiwa na kampuni ya REA Vipingo, iliyokuwa pia na shamba la Vipingo katika pwani ya Kilifi na mashamba mengine mkoani Tanga, na hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mkonge hukatwa majani kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka mitatu, huendelea kukatwa hadi umri wa miaka kumi au kumi na miwili, kisha huchomoza mlingoti wa maua na kufa, kwa hiyo muongo mmoja ni karibu uhai mzima wa mmea huo tangu kupandwa hadi kung'olewa. Anayepima kampuni ya mkonge kwa faida ya mwaka mmoja huwa ameona sehemu ndogo tu ya uhai huo, mbali na kwamba katani, yaani nyuzi za mkonge, huuzwa kwa dola katika soko la dunia ambalo hupanda na kushuka bila kuuliza hali ya mvua ya Kibwezi.

Tuseme kampuni ya kubuniwa yenye mashamba ya namna hiyo imepata, kwa kila hisa na kwa shilingi zilizokwisha kusawazishwa, faida ya shilingi 2, 3 na 1, kisha hasara ya shilingi 1, kisha faida ya 4, 6 na 2, mwaka mmoja bila kitu, halafu 5 na 8. Jumla ya miaka kumi ni shilingi 30, na wastani ni shilingi 3. Hisa ikiuzwa shilingi 40, anayeangalia mwaka wa mwisho peke yake huona uwiano wa 5 na kudhani ameokota mali njiani, lakini anayeangalia miaka yote huona uwiano unaozidi 13, ambao si mbaya, ila hauhalalishi kukopa ili kununua. Miaka miwili kabla ya hapo, kampuni ilipokuwa haijapata kitu, uwiano wa mwaka mmoja haukuweza hata kukokotolewa, ilhali kampuni ilikuwa ileile, na mkonge uleule ukiwa ardhini.

Ugumu wa ziada hutokana na uhasibu. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa kilimo, inayojulikana kama IAS 41 na iliyoanza kutumika mwaka 2003, ilizitaka kampuni za mashamba kukadiria kila mwaka thamani ya mimea iliyosimama shambani na kuingiza mabadiliko ya thamani hiyo katika faida, hata kama hakuna jani lililouzwa, na hali hiyo iliendelea hadi kanuni ilipobadilishwa, kuanzia Januari 2016, kwa mimea inayovunwa kwa miaka mingi. Faida zilizotangazwa na kampuni za mkonge na chai katika kipindi hicho ziliyumba kwa sababu ya makadirio ya karatasini pamoja na mauzo halisi, na wastani wa miaka kumi huituliza sehemu kubwa ya kuyumba huko. Vilevile hesabu ya kila hisa inapaswa kusahihishwa pale hisa zinapogawanywa, kama benki ya KCB ilivyofanya mwaka 2007 na benki ya Equity mwaka 2009 kwa kuigeuza hisa moja kuwa kumi, kwani asiyesahihisha ataiona faida ya zamani kuwa kubwa mara kumi ya ilivyokuwa.

Shirika la ndege la Kenya Airways linaonyesha hatari ya mwaka mnono. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2006 lilipata faida ya takriban shilingi bilioni 4.8, ambayo kwa hisa zake milioni 461 ni zaidi ya shilingi 10 kwa kila hisa, na katika mwaka huo bei ilipita shilingi 100, kwa hiyo uwiano ulikuwa wa kawaida tu na hisa haikuonekana ghali. Lakini miaka miwili tu nyuma faida haikufika nusu ya hiyo, na biashara ya ndege hubebwa na bei ya mafuta, hali ya utalii na amani ya nchi, mambo ambayo hayakai mahali pamoja kwa miaka mingi. Kati ya mwaka 2013 na 2016 shirika lilipata hasara ambazo kwa jumla zilizidi shilingi bilioni 60, zikameza faida zote za miaka minono na kupita. Wastani wa miaka kumi uliopigwa mwaka 2006 usingeweza kutabiri hasara za ukubwa huo, na ni haki kulisema hilo wazi, lakini ungemwonyesha mnunuzi kwamba shilingi 10 za mwaka ule hazikuwa kiasi cha kawaida cha kampuni hiyo.

Kampuni ya simu ya Safaricom, kinyume chake, huufichua udhaifu wa njia yenyewe. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10, robo ya hisa zote, kwa shilingi 5 kila moja, na bei ilipoanguka hadi chini ya shilingi 3 mwaka uliofuata, wengi walionunua kwa mara ya kwanza maishani waliona wametapeliwa. Faida ya kampuni, hata hivyo, ilipanda kutoka takriban bilioni 13 katika mwaka uliokwisha Machi 2011 hadi bilioni 73.7 katika mwaka uliokwisha Machi 2020, huduma yake ya pesa za simu, M-Pesa, ikiwa miongoni mwa injini kuu za ukuaji huo. Faida za miaka hiyo kumi zikisawazishwa kwa mfumuko wa bei, wastani huwa takriban bilioni 45, yaani kama shilingi 1.12 kwa hisa, kwa hiyo hisa iliyouzwa karibu shilingi 27 mwishoni mwa kipindi hicho ilikuwa na uwiano wa takriban 24 kwa mizani ya miaka kumi, na chini ya 15 kwa mizani ya mwaka mmoja. Kwa kampuni inayokua hivyo mizani ya muongo huwa kali mno, kwa sababu huipima kana kwamba miaka ya utoto wake itarudi, jambo ambalo kwa mkonge na ndege hutokea, na kwa mtandao wa pesa za simu halikutokea.

Uwiano ukigeuzwa juu chini, yaani wastani wa faida ukigawanywa kwa bei, hutoa kitu cha manufaa zaidi kwa mtu wa kawaida mwenye akiba. Hisa yenye uwiano wa 12.5 kwa mizani ya miaka kumi humpa mnunuzi faida halisi ya asilimia 8 ya fedha alizolipa, iwapo kampuni itaendelea kama ilivyokuwa, na asilimia hiyo inaweza kulinganishwa na hati fungani za serikali. Februari 2024 hati fungani ya miundombinu ilitolewa Kenya kwa riba ya takriban asilimia 18.5 bila kodi, huku bei zikipanda kwa kiasi cha asilimia 6 kwa mwaka, na palipo na riba halisi ya asilimia 12 isiyo na kodi, hisa zilizoonekana rahisi katika Soko la Nairobi hazikuwa rahisi kama zilivyoonekana.

Habari ya REA Vipingo iliishia mahali ambapo hesabu ya faida peke yake haikufika. Novemba 2013, hisa yake ikiuzwa chini ya shilingi 30, wenye hisa wakubwa walijitolea kuwanunua wengine wote kwa shilingi 40, kampuni ya uwekezaji ya Centum ikaja na dau kubwa zaidi, na mashindano yakaendelea hadi bei ikafika shilingi 85, kisha mwaka 2015 hisa hizo zikaondolewa sokoni. Kilichoshindaniwa hakikuwa katani tu: kampuni ilikuwa na maelfu ya ekari huko Vipingo, katika pwani ambako bei ya ardhi ilikuwa ikipanda, na Centum, iliyoacha mashindano kwa makubaliano, ilipata haki ya kununua zaidi ya ekari 10,000 za eneo hilo. Mwenye hisa mdogo aliyekuwa na daftari la faida za miaka kumi angejua kama shilingi 40 za kwanza zinaelekeana au hazielekeani na mapato ya mkonge, lakini ili ajue kwamba alipaswa kusubiri, angehitaji pia kufungua ukurasa wa taarifa ya kampuni ulioorodhesha mashamba, na kuhesabu ekari.