Makaa, Mchanga na Maembe: Soko na Sura ya Ardhi Kitui na Makueni

Uoto wa kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, yaani miti, vichaka na nyasi zinazofunika udongo, haubadilishwi na ukame peke yake, kwa kuwa mara nyingi mti hukatwa au husalimika kulingana na faida yake na muda wa kuisubiri.

Mvua ikikosekana na mahindi yakakauka, mkulima hugeukia migunga na miti mingine migumu ya nyika, akaikata, akapanga magogo, akayafunika kwa nyasi na udongo, kisha akayachoma kwa siku kadhaa katika hewa haba. Tanuri hilo hupoteza sehemu kubwa ya kuni, hivyo gunia moja linalopelekwa Nairobi huwa limekula miti mingi. Mwaka 2018 Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti, hatua iliyofunga barabara bila kuondoa shida inayowasha tanuri.

Mchanga nao ni ghala la maji, kwani mto wa msimu ukikauka maji hubaki ndani ya mchanga huo, na wakazi huyafikia kwa kuchimba visima vifupi. Malori yakiukomba hadi mwambani, mafuriko hupita moja kwa moja na kingo humomonyoka. Ndiyo maana Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Hata hivyo, uharibifu huo si lazima utokee, hata watu wanapoongezeka. Wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha Makueni hadi 1992, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 na karibu milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini mmomonyoko ulipungua, kwa sababu wakulima, wengi wao katika vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, walichimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro wake hurushwa upande wa juu wa mteremko, na kupanda miti.

Leo Makueni ina kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba, na Kitui hupandwa mukau, mti wa asili unaostahimili ukame na kutoa mbao bora. Lakini mwembe uliobebeshwa huchukua miaka kadhaa kuzaa na mukau zaidi ya kumi kukomaa, ilhali makaa hulipa kabla ya karo ya muhula ujao. Anayetaka kuiokoa nyika hana budi kuugharamia muda huo wa kungoja.