Vielezi vya Kiingereza: Neno Dogo Linalogeuza Sentensi

Mwaka jana nikiwa likizo parokiani, kijana mmoja wa kwaya aliniomba nimwandikie barua ya kumtambulisha kwenye chuo alichokuwa anaomba nafasi. Barua ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Kijana huyo namfahamu tangu utotoni. Ndiye anayefika wa kwanza kufagia kanisa, na ndiye anayebaki wa mwisho kurudisha viti. Nilitaka watakaosoma barua wajue bidii yake, nikaandika: "He hardly works." Sentensi niliiona imekaa vizuri. Nikaweka sahihi, nikamkabidhi.

Baada ya wiki mbili alirudi nayo mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo, Frateri. Samahani, naomba kuuliza. Kwenye usaili mzee mmoja aliisoma akacheka, akaniuliza kama aliyeiandika ananitakia mema kweli. Hivi hapa uliandika kwamba mimi ni mvivu?"

Niliisoma upya, nikatamani ardhi inimeze. "He works hard" maana yake ni kwamba anafanya kazi kwa bidii. "He hardly works" maana yake ni kwamba kazi hafanyi, au akifanya ni kwa nadra sana. Nilijua kanuni moja tu, kwamba kielezi cha Kiingereza hutengenezwa kwa kuongeza -ly mwishoni mwa kivumishi, nikaitumia mahali ambapo haifanyi kazi. Nafasi ile kijana hakuipata.

Ndiyo maana nimeandika makala hii. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukakutana na masomo ya Kiingereza sekondari, na sasa seminarini tunasoma falsafa kwa Kiingereza. Waamini nao huandika barua za kazi, maombi ya ufadhili na matangazo kwa wageni. Makosa yetu mengi hayatokani na kukosa maneno. Yanatokana na kudhani kwamba vielezi ni mapambo ya sentensi, kumbe mara nyingi ndivyo vinavyoamua kama sentensi inasema kweli au inasema uongo.

Kielezi ni nini?

Kielezi ni neno linaloeleza zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi, kielezi kingine au sentensi nzima. Jina lake la Kiingereza, adverb, linatokana na maneno mawili ya Kilatini: ad, yaani kwenye, na verbum, yaani neno. Ni neno linalosogezwa karibu na kitenzi ili kukifafanua. Hujibu maswali haya: Vipi? Wapi? Lini? Mara ngapi? Kwa kiasi gani?

Anayesoma falsafa atayatambua maswali hayo. Katika makundi kumi ya Aristotle mna mahali na mna wakati. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapojadili tendo la mwanadamu katika Summa Theologiae, anaorodhesha mazingira yake: nani, nini, wapi, kwa msaada gani, kwa nini, vipi na lini. Kitenzi hututajia tendo, na vielezi hutueleza mazingira yake. Kutoa sadaka ni tendo jema, lakini kutoa kwa siri na kutoa ili usifiwe si jambo moja, ingawa kitenzi ni kilekile. Mwenye kuandika kielezi vibaya anaweza kubadilisha hukumu juu ya mtu, kama nilivyofanya mimi.

Mitego ya -ly

Kanuni ya -ly ni ya kweli kwa maneno mengi: "quick" huwa "quickly", "careful" huwa "carefully". Lakini kuna maneno ambayo hayabadiliki yanapofanya kazi ya kielezi, kama "fast", "hard", "early" na "late". Husemi "He runs fastly", unasema "He runs fast".

Baadhi ya hayo yakiongezewa -ly hupata maana nyingine kabisa. "He came late" maana yake alichelewa. "He came lately" maana yake alikuja siku za karibuni. "Hard" na "hardly" mmeshaona yalivyonifanya.

Pia kuna maneno yanayoishia na -ly lakini si vielezi, ni vivumishi: "friendly", "lovely", "lonely". Ukitaka kusema mtu aliongea kirafiki, andika "He spoke in a friendly way". Na "good" ni kivumishi. Kielezi chake ni "well". Kwaya iliimba vizuri: "The choir sang well", si "sang good".

Tujihadhari pia na neno letu "sana". Kwa Kiingereza ni "very" au "very much". Wengi tunaandika "I am too happy" tukikusudia kusema tumefurahi sana. Lakini "too" huonyesha kwamba jambo limepita kiasi, na mara nyingi limeleta shida: "The bag is too heavy to carry", yaani mfuko ni mzito mno, haubebeki. Ukimwambia mhubiri "Your homily was very long", umemtajia urefu. Ukimwambia "too long", umemlalamikia.

Mahali pa kukiweka

Kiswahili hukipa kielezi uhuru mkubwa, na mara nyingi hukiweka baada ya kitenzi. Tunasema "anaongea vizuri Kiingereza" na pia "anaongea Kiingereza vizuri". Kiingereza hakipendi kielezi kiingie kati ya kitenzi na kitendwa chake. Kwa hiyo si "He speaks well English". Ni "He speaks English well".

Vielezi vya mara ngapi, kama "always", "often" na "never", hutangulia kitenzi kikuu: "She always prays." Lakini hufuata kitenzi "be": "She is always early." Vielezi vingi vikikutana mwishoni mwa sentensi, mpangilio wa kawaida ni namna, kisha mahali, kisha wakati: "The choir sang beautifully at the cathedral on Sunday."

Neno linalohitaji uangalifu kuliko yote ni "only". Tazama matangazo haya matatu:

"Only the parish priest hears confessions on Saturday." Paroko peke yake ndiye anayeungamisha Jumamosi, mapadre wengine hawaungamishi siku hiyo.

"The parish priest only hears confessions on Saturday." Ukiisoma neno kwa neno, Jumamosi paroko anaungamisha tu, hana shughuli nyingine.

"The parish priest hears confessions only on Saturday." Paroko anaungamisha Jumamosi tu, siku nyingine haungamishi.

Katika mazungumzo watu wengi huweka "only" kabla ya kitenzi, na sauti ya msemaji hutusaidia kumwelewa. Karatasi iliyobandikwa mlangoni haina sauti. Mgeni aliyesafiri mbali akitafuta kuungama siku ya Jumatano anaweza kuondoka na mzigo wake kwa sababu ya neno moja lililokaa pasipo pake. Ukiandika, weka "only" karibu kabisa na neno linalolihusu.

Kishazi kinachofanya kazi ya kielezi

Kishazi ni kundi la maneno lenye kitenzi chake. Kishazi huru kinaweza kusimama peke yake. Kishazi tegemezi hakiwezi. Ukisema "alifika jioni", neno "jioni" ni kielezi cha wakati. Ukisema "alifika jua lilipozama", kazi hiyohiyo inafanywa na kishazi kizima, "jua lilipozama". Kwa Kiingereza: "He arrived when the sun set." Kishazi cha namna hii ndicho vitabu vya Kiingereza vinachokiita adverb clause.

Hapa ndipo lugha zetu mbili zinapotengana. Kiswahili mara nyingi huficha kiungo ndani ya kitenzi: alipofika, akifika, asipofika, alivyosema. Kiingereza hukitoa nje na kukisimamisha mlangoni mwa kishazi: "when he arrived", "if he arrives", "unless he arrives", "as he said". Anayetafsiri kitenzi kama kilivyo hukosea. Tafuta kwanza kiungo, kisha ndipo uandike kitenzi. Makosa manne hujirudia sana.

La kwanza ni wakati ujao. Sisi tunasema "Askofu atakapofika, tutaimba", na -ta- inaonekana mara mbili. Kiingereza hukiacha kishazi cha wakati katika hali ya sasa: "When the bishop arrives, we will sing." Si "When the bishop will arrive".

La pili ni "kabla". Tunasema "kabla hajafika", kwa kukanusha, kwa sababu tendo lenyewe bado. Kiingereza hakikanushi: "before he arrives". Ukiandika "before he has not arrived", msomaji atabaki anajiuliza.

La tatu ni kuweka viungo viwili. Kwetu "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja" ni kauli ya kila siku. Kiingereza hutaka kimoja tu. Ama "Although he was ill, he came", ama "He was ill, but he came". Vivyo hivyo "because" haifuatwi na "so" katika sentensi moja ya namna hiyo.

La nne ni "unless". Neno hili tayari limebeba ukanushi, kama -sipo- yetu. "Asipokuja, hatutaanza" ni "Unless he comes, we will not start". Ukiongeza "not" ndani ya kishazi, "unless he does not come", umegeuza maana.

Kuhusu alama ya mkato, kanuni ni rahisi. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato baada yake. Kikifuata kishazi kikuu, mara nyingi mkato hauhitajiki.

Lakini angalieni sentensi hii: "He did not leave the seminary because he was poor." Ina maana mbili. Ya kwanza: hakuondoka, na umaskini ndio uliomfanya abaki. Ya pili: aliondoka, ila sababu haikuwa umaskini. Hata Kiswahili chetu kina mtego huo: "Hakuacha seminari kwa sababu ya umaskini." Ukiandika habari za mtu mwingine, usimwachie msomaji kazi ya kubahatisha. Andika "He left the seminary, but not because he was poor", au "Because he was poor, he did not leave". "Because" ikifuata kitenzi kilichokanushwa, simama uisome tena.

"If" na "only if"

Ndugu zangu wa mwaka wa kwanza, somo la mantiki litawapima hapa. Linganisheni: "You may receive Holy Communion if you are baptized", na "You may receive Holy Communion only if you are baptized".

Sentensi ya kwanza inasema ubatizo unatosha: ukishabatizwa, pokea. Ya pili inasema ubatizo ni wa lazima: bila huo huwezi kupokea, lakini haidai kwamba ukishaupata hakuna kingine kinachotakiwa. Mafundisho ya Kanisa yanaafikiana na ya pili. Asiyebatizwa hawezi kupokea sakramenti nyingine kwa uhalisi, na aliyebatizwa naye anatakiwa ajiandae ipasavyo, na akijua ana dhambi ya mauti aungame kwanza. Tofauti ya sharti linalotosha na sharti la lazima imebebwa na neno moja, "only". Katekista anayefundisha kwa Kiingereza akilisahau, amefundisha jambo lingine.

Kabla ya kuweka sahihi

Tangu siku ile nina mazoea ya kujiuliza maswali matatu kabla ya kuweka sahihi kwenye maandishi yoyote ya Kiingereza. Kielezi hiki kinaeleza neno gani, na je, kiko karibu nalo? Nikikiondoa, ni maana gani inapotea? Na kama ni kishazi, je, kina kiungo kimoja tu, na kitenzi chake kiko katika wakati unaotakiwa? Kisha nampa mtu mwingine aisome bila kumweleza nilichokusudia. Akielewa tofauti, kosa ni langu mwandishi, si lake.

Kijana wa kwaya nilimwomba radhi, na barua nikaiandika upya mbele yake. Safari hii tuliisoma pamoja, neno kwa neno, na nikamweleza kwa nini "hard" haikuongezewa kitu na kwa nini "always" imekaa baada ya "is". Sentensi yenyewe ni fupi: "He works hard, and he is always early." Aliirudia mara mbili kwa sauti, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha pamoja na vyeti vyake. Anasubiri dirisha la maombi lifunguliwe tena.