BABU AITWA NANI?

Mtoto mdogo hamwiti babu yake kwa jina lile alilopewa babu siku ya kuzaliwa kwake. Humwita kwa neno fupi na jepesi, ambalo ulimi mchanga waweza kulitamka. Ndiyo sababu maneno ya namna hii, yenye sauti inayorudiwa, huonekana katika lugha nyingi. Waswahili husema babu na bibi. Wakikuyu humwita babu guka, na bibi humwita cucu. Waganda wana neno moja tu, jjajja, nalo lawatosha wote wawili. Na wasemao Kilingala, katika nchi ya Kongo, husema koko.

Hata katika Kiswahili maneno hayalingani kila mahali. Mtu wa Kenya humwita bibi yake nyanya, lakini akifika Tanzania bara na kuuliza, “Nyanya yuko wapi?” yaelekea ataonyeshwa kikapu cha sokoni. Neno bibi nalo lilitoka Uajemi, na maana yake ilikuwa mwanamke mwenye heshima. Kwa hiyo mke wa mtu aweza kuitwa bibi yake, na msikilizaji hana budi kuangalia maneno yanayofuata ili ajue ni yupi anayetajwa.

Katika mkoa wa Rukwa, wilaya ya Sumbawanga, iko kata ya Milepa. Nchi hiyo ni ya bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, chini ya nchi ya juu ya Ufipa. Katika bonde hilo Wafipa wakaa pamoja na watu wa makabila mengine, na miongoni mwao wamo Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Basi Msukuma humwita babu yake guku, na bibi yake humwita mama; mama mzazi humwita mayu. Mtoto wa jirani akimsikia mwenzake akisema, “Mama yangu ni mzee sana, hana jino hata moja,” aweza kustaajabu, kwa kuwa jana alimwona mama huyo akilima shambani kwa nguvu. Wote wawili wasema kweli. Neno ni moja, watu ni wawili.

Tena kila mtoto ana babu wawili na bibi wawili, naye hutaka kuwapambanua. Wakubwa husema bibi mzaa baba na bibi mzaa mama. Watoto hutafuta njia iliyo fupi zaidi. Bibi akaaye Sumbawanga huwa Bibi wa Juu, na yule akaaye karibu na ziwa huwa Bibi wa Bondeni. Babu atembeaye na mkongojo huwa Babu Fimbo, naye akisikia hucheka.

Lakini kwa nini hucheka? Baba mwenyewe hathubutu kumwita mzazi wake hivyo. Sababu ni hii: baba na mama wana kazi ya kumwongoza mtoto na kumrudi akosapo, na kwa hiyo heshima yao ina woga kidogo ndani yake. Babu na bibi walikwisha kuifanya kazi hiyo kwa watoto wao. Kwa wajukuu wamebakiwa na utani. Bibi humwita mjukuu wake “mume wangu,” na kumdai kuni na maji kama mke amdaivyo mumewe. Mwaka 1940 mtaalamu wa Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika juu ya utani wa namna hii, akaeleza kwamba ni desturi impayo mtu ruhusa ya kumfanyia mwenziwe mzaha, na huyo mwenziwe apaswa asiudhike. Katika mzaha huo mtoto hupata ujasiri wa kuuliza mambo ambayo hangeyauliza kwa baba yake, na mzee hupata msikilizaji.

Hata hivyo utani una mpaka wake. Mjukuu aweza kumwita babu yake Kibogoyo, naye babu akacheka. Mtoto wa mtu mwingine akisema hivyo amemtukana mzee. Jina la mapenzi ni mali ya nyumba, halichukuliwi na mpita njia.

Liko na jambo jingine lililo kubwa zaidi. Fikiri mtoto wa Milepa aliyepanda basi kwenda Sumbawanga kumtazama bibi yake. Ashuka kituoni, wala hakuna aliyekuja kumpokea. Mtu mwema amwuliza, “Wamtafuta nani?” Ajibu, “Bibi wa Juu.” “Jina lake nani?” “Bibi.” Mjini wamo bibi wengi, na kila mmoja wao huitwa hivyo. Mtoto huyu ampenda bibi yake kuliko watu wote, lakini hawezi kumtaja.

Katika Tanzania mtu aandikapo majina yake matatu, la kwanza ni lake, la pili ni la baba yake, na la tatu mara nyingi ni la babu yake. Basi wako watoto waandikao jina la babu kila siku katika daftari, wasijue ya kuwa ndiye yule Babu Fimbo aketiye mlangoni. Jina la bibi haliandikwi hata hapo. Huja siku ya mazishi, jina lake likasomwa mbele ya watu, na mjukuu aliyelala kitandani kwake miaka mingi hulisikia kama jina la mgeni.

Jina la mapenzi na lidumu, kwa maana latia furaha nyumbani. Lakini mjukuu na aulize jina la pili wakati mwenyewe yupo wa kumjibu. Mjukuu naye atazaa, na mtoto wake, yaani kitukuu, atamwuliza yeye.

Maswali

1. Kwa nini mjukuu aweza kumtania babu, na baba hawezi?
2. Mtoto wa Kisukuma akisema “mama,” amtaja nani?
3. Andika majina kamili ya babu zako wawili na bibi zako wawili. Usilolijua, kaliulize leo.