Huntha katika sheria ya Kiyahudi: Wanazuoni walivyoamua

WENGI hudhani kwamba mjadala kuhusu watu wanaozaliwa na maumbile yasiyo bayana ya kiume wala ya kike umeanza juzi. Hata hivyo, wanazuoni wa Kiyahudi waliujadili zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, kwa kuwa sheria ya dini yao iliwalazimu kutoa jibu.

Katika sheria hiyo, wajibu mwingi hufuata jinsia. Mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane. Mwanamume hupaswa kusikia baragumu ya pembe ya kondoo katika sikukuu ya mwaka mpya, ilhali mwanamke halazimiki. Je, asiyejulikana ni mume au mke ahesabiwe upande gani?

Majibu yamo katika Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilishwa na Rabi Yehuda huko Galilaya yapata mwaka 200 baada ya Kristo, na katika Talmudi iliyofuata baadaye.

Humo hutajwa makundi manne. Androginosi ni huntha, yaani mwenye viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Tumtumu ni yule ambaye viungo vyake vimefunikwa na ngozi, hivyo jinsia yake haijulikani. Ailoniti ni mwanamke tasa ambaye hakupata dalili za kupevuka, na sarisi ni towashi, awe wa kuzaliwa au aliyefanywa hivyo na watu.

Hukumu zao zilipimwa moja baada ya nyingine. Androginosi aliruhusiwa kupiga baragumu kwa niaba ya androginosi mwenzake, lakini si kwa wengine. Tumtumu hakuweza kufanya hivyo hata kwa tumtumu mwenzake, kwani huenda mpigaji ni mwanamke na msikilizaji ni mwanamume.

Katika jambo moja hapakuwa na shaka: uhai. Mishna inaeleza kwamba anayemuua androginosi kwa kukusudia huuawa, na anayemuua bila kukusudia hukimbilia mji wa makimbilio, sawasawa na aliyemuua mwanamume au mwanamke yeyote.

Rabi Yose alisema kwamba androginosi ni kiumbe wa namna yake, ambaye wenye hekima hawakuweza kuamua kama ni mume au mke. Aidha, katika Talmudi, Rabi Ami alifundisha kwamba Ibrahimu na Sara, wazazi wa taifa hilo, walikuwa tumtumu.

Katika miaka ya karibuni, baadhi ya Wayahudi wametumia maandiko hayo kudai kwamba dini yao hutambua jinsia sita. Mwaka 2015 umoja wa masinagogi ya mrengo wa mageuzi Amerika Kaskazini ulipitisha azimio la kutetea haki za watu waliobadili jinsia.

Wengine huonya kwamba wanazuoni wa kale walizungumzia maumbile ya mwili, si jinsi mtu anavyojihisi, na kwamba nia yao ilikuwa kumpatia kila mtu nafasi katika sheria iliyojengwa juu ya mume na mke.

Pamoja na tofauti hizo, maandiko yenyewe yanaonyesha kwamba pale wanazuoni waliposhindwa kumpa mtu jina la mume au mke, hawakumwondolea ubinadamu wake.