Mtoto mmoja, serikali mbili
Kila mdahalo, Migori iwe au Homa Bay, lazima mtu aulize gavana amewafanyia nini watoto wenye usonji. Mwingine anajibu: hiyo ni kazi ya serikali kuu. Kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linampa gavana chekechea na hospitali za kaunti. Kuanzia Gredi 1, shule ni za serikali kuu. Vituo vya EARC vinavyotathmini mahitaji ya mtoto viko chini ya Wizara ya Elimu, lakini kadi ya ulemavu inataka ripoti ya daktari wa hospitali. Shida ni hapo katikati.

Mwalimu wa PP2, wa kaunti, anaona mtoto anaziba masikio kengele ikilia. Januari mtoto yuko Gredi 1, kwa mwalimu wa TSC. Binamu yangu kule Rongo alianza upya hivyo: akaitwa mtundu, akala viboko (ndio, vilishapigwa marufuku). Mamake ndiye aliyezunguka na karatasi, kwa nauli yake ya boda.

Sasa mgombea akiahidi "kituo cha kisasa", muulize: faili ya huyo mtoto itabebwa na nani?