Gunia la Lumbesa na Hesabu Inayompita Mkulima

Fikra za kihesabu, yaani mazoea ya kuuliza tarakimu iliyotajwa imepimwa kwa kipimo gani, kwa muda gani na kwa kulinganishwa na nini, huchukuliwa na wengi kuwa somo la darasani, ilhali katika kata ya Ringwani, wilayani Serengeti, mkoani Mara, na katika vijiji vya jirani hadi Tarime, fikra hizo ndizo zinazoamua kaya ibaki na nini baada ya mavuno.

Mkulima anayepeleka pamba kwenye chama cha ushirika cha msingi huiona ikipandishwa kwenye mizani na kulipwa kwa kilo. Huyohuyo, akiuza mahindi, mara nyingi huyauza kwa debe au kwa gunia, na hapo ndipo inapoingia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, likaongezewa kipande cha gunia jingine juu, kisha likashonwa na kuitwa bado gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania haikubali gunia la mazao lizidi kilo 100, lakini jicho halipimi kilo. Tuseme bei ni shilingi 60,000 kwa gunia na lumbesa ina kilo 120: bei ya kilo, iliyopaswa kuwa shilingi 600, imeshuka hadi 500 bila mtu yeyote kutamka kwamba imeshuka, na aliyeuza magunia kumi ametoa mzigo wa magunia kumi na mawili. Inafaa kutazama pia namna kilo zilezile 20 zinavyobadilika sura, kwa kuwa mnunuzi amepata nyongeza ya asilimia 20 juu ya kilo 100 alizolipia, wakati mkulima amepoteza asilimia 16.7 ya kilo 120 alizotoa. Asilimia ni sehemu ya kitu fulani, na anayeitaja bila kukitaja kitu hicho hajasema lolote linaloweza kuhakikiwa.

Kasoro hiyohiyo hujificha katika mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Mkopaji akipokea shilingi 200,000 na kutakiwa kurejesha 8,000 kila siku kwa siku 30, atalipa 240,000, na ataambiwa kuwa riba ni asilimia 20, tarakimu ambayo peke yake tayari inapita mbali ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi uliowekwa na Benki Kuu kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili. Hata hivyo, kwa kuwa deni hupungua kila siku, fedha aliyokaa nayo kwa wastani ni takribani nusu ya mkopo, hivyo gharama yake halisi inakaribia mara mbili ya ile aliyotajiwa.

Upatu wa DECI, uliosimamishwa na serikali mwaka 2009 baada ya maelfu ya Watanzania "kupanda mbegu" wakitarajia kuvuna maradufu, nao ungepimika kwa kalamu na karatasi. Iwapo kila mwanachama hulipwa kwa fedha za wapya watatu, mlolongo ulioanza na mtu mmoja huhitaji watu zaidi ya milioni 129 katika duru ya 17 pekee, na sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini kote.

Kuzidisha na kugawanya kwa namna hii kumo ndani ya uwezo wa aliyemaliza shule ya msingi. Kinachokosekana gulioni ni kipimo cha kuanzia hesabu. Kwa hiyo serikali za vijiji na vyama vya ushirika vya Serengeti na Tarime viweke mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo mahali mahindi yanaponunuliwa, kabla ya msimu ujao wa mavuno, na mkulima asikubali bei ya gunia lolote ambalo halijapimwa mbele yake.