Mzigo Uwekwe Wapi? Hesabu ya Vyombo Vinavyozunguka

Ndugu mkulima, mashamba ya Borabu yalipogawiwa walowezi wapya katika miaka ya 1960, wengi walianza na jembe, panga na mgongo. Siku hizi wengi mna wilbaro, na wengine mna mkokoteni wa punda au mashine ya kukatia nepia. Lakini mgongo bado wauma. Mara nyingi kinachoumiza si uzito, bali ni mahali uzito ulipowekwa, na jambo hilo laweza kuhesabiwa kwa kamba ya kupimia na kalamu.

Chukua wilbaro. Kwanza tafuta mahali pasipohama chombo kinapoinuliwa: ni ekseli ya gurudumu. Vipimo vyote vianzie hapo. Tuseme umepakia samadi kilo 60, na katikati ya mzigo ni sentimita 40 kutoka ekseli. Zidisha 60 kwa 40, utapata 2,400. Hiyo ndiyo nguvu ya kuzungusha ya mzigo, nayo yavuta kwenda chini. Mikono yako imeshika sentimita 120 kutoka ekseli, nayo lazima itoe 2,400 vilevile kwenda juu. Gawa 2,400 kwa 120: ni kilo 20. Gurudumu limebeba kilo 40 zilizobaki. (Uzito wa wilbaro yenyewe tumeuacha.)

Sasa mzigo uleule urundike nyuma, karibu na mikono, sentimita 60 kutoka ekseli. 60 mara 60 ni 3,600. Gawa kwa 120, utapata kilo 30. Samadi haikuongezeka hata koleo moja, lakini umejitwisha kilo 10 zaidi kwa kila safari, na milima yetu mnaijua.

Mtoto wako aliye sekondari hufanya hesabu hii hii. Yeye ataandika nyutoni badala ya kilo, na kila kilo huhesabiwa kama nyutoni 10. Mwonyeshe wilbaro, aipime mwenyewe.

Kwa mkokoteni wa magurudumu mawili, anayeumia ni punda. Tuseme una mikebe ya maziwa na magunia, jumla kilo 200, na nira iko sentimita 200 mbele ya ekseli. Ukiweka mzigo wote sentimita 60 mbele ya ekseli, punda atabeba kilo 60 juu ya kuvuta. Ukiweka kilo 100 sentimita 60 mbele, na kilo 100 sentimita 40 nyuma, toa 4,000 katika 6,000. Yabaki 2,000, gawa kwa 200, na punda amebeba kilo 10 tu. Usizidishe nyuma, maana miti ya mkokoteni itainuka na kamba zitamkaba.

Mashine ya kukatia nepia yafuata kanuni hiyo. Mpini ulio sentimita 40 kutoka katikati ukihitaji nguvu ya kilo 10, ukiufupisha uwe sentimita 20 utahitaji kilo 20. Ni kweli kwamba mpini mrefu hutembeza mkono mbali zaidi, karibu sentimita 250 kwa mzunguko mmoja badala ya 125. Kazi ni ileile, ila mkono hauchoki upesi. Tena sukuma ukifuata mzunguko. Ukisukuma kuelekea katikati unapoteza nguvu bure.

Lile gurudumu kubwa la mashine limewekwa chuma kizito ukingoni kwa makusudi. Chuma kilekile kikiwekwa mbali mara mbili kutoka katikati, ni vigumu mara nne kukianzisha, na mara nne kukisimamisha. Ndiyo sababu visu hupita katika fungu nene bila kukwama. Lakini kwa sababu hiyohiyo, ukiachilia mpini, visu havisimami. Nepia ikikwama mdomoni, usiingize mkono mpaka gurudumu limetulia kabisa na mtu amelishika. Na unapokwenda kula, lifunge kwa mnyororo na kufuli, kwa maana watoto hupenda sana kulizungusha.